Eastlands kwa miguu: Shika mtoto, shika kikapu

SHULE zikifungwa swali huwa ni lile lile katika kila nyumba ya Nairobi: Watoto tutawapeleka wapi? Mwenye gari na mfuko mzito hutaja Mombasa au Naivasha. Asiye nacho huwaambia wanawe watulie nyumbani watazame televisheni. Kufikia siku ya tatu kochi limevunjika mguu, na jirani wa chini amekwisha kupanda ngazi mara mbili kulalamika.

Leo nakuletea safari isiyotaka gari wala hoteli. Inataka viatu vizuri, kikapu, chupa ya maji, na pesa zile zile ambazo ungenunulia chakula cha mwisho wa wiki. Ni safari ya Eastlands, kutoka Kariokor hadi Jericho, na shughuli yake ni moja tu: kununua jiko, nyama na mboga pale zinapopatikana vizuri, kisha kupika na kula pamoja.

Usicheke. Najua huenda wewe mwenyewe unaishi Umoja, Kayole au Donholm, na Jogoo Road huiona kila asubuhi kupitia dirisha la matatu. Lakini kuona si kujua. Mitaa hii ndiyo iliyolea jiji, na mingi ya ile ya zamani imo katika mipango ya kubomolewa ili ghorofa zijengwe. Makongeni, mtaa uliokuwa wa wafanyakazi wa reli, wapangaji walianza kuondoka mwaka wa 2025 ili kupisha nyumba za bei nafuu. Mtoto mwenye miaka minane leo anaweza kufikisha ishirini asipate hata ukuta mmoja wa kuonyeshwa. Kwa hivyo tusingoje likizo ijayo.

KARIOKOR, JINA LA VITA

Anza mapema, saa mbili za asubuhi hivi, kabla jua halijawa kali na kabla wanunuzi hawajajaa. Pa kuanzia ni soko la Kariokor.

Watoto hupenda kisa cha jina, na hiki ni kizuri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, Waingereza walipigana na Wajerumani humu Afrika Mashariki, mahali ambapo magari hayangepita. Mizigo ikabebwa na watu. Mamia ya maelfu ya Waafrika waliandikishwa kuwa wapagazi katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wengi hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa hapa. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina la Kiingereza likawa Kariokor, kama vile ndugu zetu wa Dar es Salaam walivyopata Kariakoo yao.

Mwambie mtoto hayo huku akishika kiondo mkononi, maana hapa ndipo pa kununua viondo vya mkonge na ngozi, na viatu vya akala vilivyokatwa kutoka magurudumu ya gari. Mwache achague kiondo yeye mwenyewe na aulize bei kwa mdomo wake. Mtoto wa jiji amezoea duka kubwa ambako bei imebandikwa na hakuna wa kuzungumza naye. Sokoni atajifunza kuamkua kwanza, kuuliza pili, na kutoa pesa mwisho.

“Hujambo, mama? Hiki ni pesa ngapi?”

“Sijambo, mwanangu. Kwanza kijaribu begani tuone kama mtatoshana.”

Hiyo ni nusu ya elimu ya biashara, na hakuna karo iliyolipwa.

PUMWANI, ULIKOZALIWA

Ukitoka Kariokor uelekee Pumwani. Mkiikaribia hospitali ya kujifungulia, simama na uwaulize watu wa msafara wako: “Nani kati yetu alizaliwa hapa?” Hospitali hii ilianza katika miaka ya 1920, na ni familia chache za Nairobi ambazo hazina hata mtu mmoja aliyelilia hapa mara ya kwanza. Huenda ukashangaa kuwa ni wewe mwenyewe, au mama yako, au yule mjomba anayejidai mtu wa mashambani.

Karibu hapo ni Majengo. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka Waafrika wakae mahali pamoja mbali na Wazungu na Wahindi. Waliojenga hapa wengi walikuwa Waislamu, nao wakajenga kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako moto uliwashwa na mambo yakazungumzwa. Ndiyo maana hadi leo asubuhi ya Majengo hunukia iliki. Kama watoto hawakupata kifungua kinywa, hapa hawatakosa mahamri, na pengine mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye tangawizi ya kuamsha koo. Nairobi haina bahari, lakini pwani ina tawi lake hapa.

Ukiwa hapo waeleze watoto habari moja ambayo tutaihitaji mbele ya safari. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vingine vya Waafrika. Kimoja kilikuwa Pangani ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kilibomolewa, na wakazi wengi wakapelekwa kwenye nyumba mpya za Shauri Moyo. Wazee wanaeleza jina hilo kwa njia hii: kuhamia kule kulikuwa ni shauri la moyo wa kila mtu. Waliohama waliacha kuta. Walichobeba ni vyungu, watoto na ujirani. Kwa hivyo kubomolewa kwa mitaa si jambo lililozuka jana. Eastlands imebomolewa na kuhama tangu zamani, na iliyopona kila mara ni ile sehemu yake iliyobebeka.

GIKOMBA, SHIKA MKONO

Sasa shika mkono wa mtoto, na simu iweke mfuko wa ndani, kwa sababu tunaingia Gikomba. Hapa pana mitumba ya kila nchi, mbao, viatu na viazi, na kila mwenye mkokoteni hupiga kelele ya kutaka kupita. Usiingie na kundi la watoto wasiosikia. Wawili wanatosha kwa mtu mzima mmoja, mkono huu na mkono ule.

Lengo letu ni upande wa samaki. Ngege na mbuta hufika hapa kutoka Ziwa Victoria, maili mamia kutoka hapa, na omena hulala katika magunia, wakimetameta kama fedha. Kwa mtoto aliyedhani samaki ni kipande cheupe kilichozungukwa na unga, hapa kuna mengi ya kujifunza. Mwonyeshe jicho la samaki: likiwa angavu na limejaa, samaki ni mzuri, likiwa limedidimia na kuwa na ukungu, pita. Mwonyeshe na matamvua yanavyopaswa kuwa mekundu. Mwache aguse, mkono utaoshwa.

Nunua omena vikombe viwili vya katikati ya wiki. Ukifika nyumbani watoe uchafu, waoshe kwa maji moto mara mbili tatu, wakaushe, kisha wakaange kwa mafuta kidogo mpaka wakakamae kabla ya kutia kitunguu na nyanya. Anayelalamika kwamba omena ni wachungu mara nyingi aliwaosha kwa haraka. Na omena huliwa mzima, kichwa na mfupa, ndiyo sababu wana madini ya chokaa ambayo mifupa ya mtoto huyahitaji.

KAMUKUNJI, SAUTI YA NYUNDO

Kamukunji utaisikia kabla ya kuiona. Nyundo mamia zinapiga bati kwa wakati mmoja, na ukiwa na mtoto mdogo atafunika masikio kwanza, kisha atacheka. Hawa ndio mafundi wa jua kali. Jina lilitokana na kufanya kazi nje bila kivuli. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na wakajengewa vibanda. Kivuli kilipatikana lakini jina likabaki, na leo fundi yeyote mdogo nchini, hata akiwa chini ya paa zuri, huitwa wa jua kali.

Angalia wanachotengeneza: karai, mabeseni, sufuria, wilbaro, na yale masanduku ya bati ambayo kila mwanafunzi wa bweni amewahi kuburuta siku ya kuingia shuleni. Kama una mwanafunzi wa sekondari katika msafara, mwache amwone mtu ambaye mikono yake ndiyo iliyokunja lile sanduku. Mengi ya mabati haya yalikuwa mapipa ya mafuta. Yalikatwa, yakanyoshwa, yakapewa kazi mpya.

Lakini sisi tumekuja kwa jiko. Zamani jiko la makaa lilikuwa bati tupu, na joto lake jingi lilipotelea pembeni badala ya kwenda kwenye sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa hapa Nairobi walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakaliunganisha na ufundi wetu, wakapata jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani. Ndilo hilo unalolijua: pana juu, jembamba kiunoni, pana tena chini. Kiuno kile si urembo. Huzuia jiko kuanguka, na udongo ule huhifadhi joto. Jiko hili linaweza kupunguza makaa yako kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukililinganisha na lile la bati tupu. Kutoka Nairobi lilienea hadi nchi nyingine nyingi za Afrika. Kwa hivyo mtoto wako akiuliza kama Kenya imewahi kubuni kitu, mwambie atazame chini ya chapati.

Unapochagua jiko, ligonge udongo kwa ukucha. Likitoa sauti angavu inayolia, sawa. Likitoa sauti nzito au likikwaruza, huenda lina ufa. Na kumbuka, hata kama nyumbani unatumia gesi, jiko la makaa halipaswi kuachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hewa ya makaa haina harufu, na imewaua watu wakiwa usingizini. Pikia nje, au acha mlango na dirisha wazi.

BURMA, NYAMA NA MAJINA

Kutoka Kamukunji fuata Landhies Road hadi ufike karibu na uwanja wa City Stadium, ambao mwaka wa 2019 jiji liliamua uitwe kwa jina la Joe Kadenge, gwiji wa soka aliyefariki mwaka huo. Njiani pitia Muthurwa ununue vitunguu, nyanya, viazi na kifungu cha sukuma wiki. Na usione haya kuomba kuongezewa. Mwuzaji wa Nairobi asiyeongeza hata nyanya moja anajua hutarudi.

Soko la Burma ndilo la nyama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wetu wa King's African Rifles walivushwa bahari kwenda Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, kupigana na Wajapani msituni. Waliorudi walirudi na jina hilo. Fikiria basi: tangu asubuhi umetembea kutoka vita vya kwanza hadi vita vya pili, na ulichobeba ni kiondo.

Kwa mchuzi usiombe nyama tupu. Omba kilo moja na nusu ya nyama yenye mfupa, ikatwe vipande vya kutosha mtoto. Mfupa ndio hutoa ladha, na ndio hugombaniwa mezani.

Hapo sasa mguu umechoka. Panda matatu ya Jogoo Road, barabara ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, na umkalishe mtoto dirishani. Upande wa kulia utapita Kaloleni, Makongeni na Mbotela. Kushoto ni Shauri Moyo, Bahati, Maringo na Jericho. Mbotela imepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka wa 1952. Maringo na Jericho zina jina la mbele ambalo makanga hawalitaji, Ofafa, kwa kumkumbuka diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka wa 1953. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wanaopanda na kushuka hapa kila siku hutaja majina ya wafu hao wakimwambia kondakta wapi pa kusimama.

KALOLENI, PUMZIKA

Kama una nguvu, kabla ya kupanda matatu ingia Kaloleni dakika ishirini. Utastaajabu. Nyumba ni za chini, za mawe, zimezunguka nafasi ya kijani yenye miti, na katikati ni ukumbi wa jamii. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940. Kabla yake serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua wa kupita. Alipewa kitanda, si nyumba, na mkewe na watoto walitakiwa kubaki mashambani. Kaloleni ni miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyojengwa kwa kukubali kwamba kibarua naye ana mke, ana watoto, na anataka kula nao.

Katika ukumbi ule, miaka ya kupigania uhuru, wanasiasa walihutubia umati, Tom Mboya miongoni mwao. Lakini watoto hawatajali hotuba. Waache wakimbie. Ukiwa na bahati utakuta wenyeji wakicheza kati, bano, brikicho au kuruka kamba, na wako hawatakaa dakika mbili kabla hawajaitwa.

Hapa mzazi ana jambo la kusimulia. Mpira wetu ulikuwa wa karatasi za nailoni zilizokazwa kwa kamba. Ulidunda vizuri na haukuvunja kioo. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, watoto hushona wa matambara. Uliza jinsi wanavyoufunga. Na waulize wasichana, na wavulana pia, kama bado wanacheza kalongolongo: mama mmoja, baba mmoja, watoto kumi, jiko la mawe matatu, majani yaliyokatwa kuwa sukuma wiki, matope kuwa ugali, na kopo la mafuta kuwa sufuria. Wapishi wengi hodari wa jiji hili walianza kwa ugali wa matope.

JERICHO, WASHA JIKO

Ni nani Nairobi asiye na shangazi, binamu au rafiki wa zamani Jericho, Maringo, Bahati au Jerusalem? Mpigie simu wiki moja mbele, umwambie hivi: “Tunakuja Jumamosi saa saba na chakula chetu. Wewe tupe mlango tu.” Hakuna mwenyeji wa Eastlands atakayekataa, na hakuna atakayekubali kwamba utoe mlango peke yake.

Sababu ya kupika hapa badala ya nyumbani kwako ni hii. Nyumba za zamani za Eastlands ni ndogo. Chumba kimoja au viwili, jiko la kubanana, na milango inayotazamana. Kwa kuwa ndani hapatoshi, maisha yalitoka nje. Nguo zilianikwa nje, nywele zikasukwa nje, makaa yakawashwa nje, na mtoto akiangukia kidevu, mama aliye karibu ndiye alimwinua, awe wake au si wake. Mwanamke hapa hupoteza jina lake akaitwa Mama Atieno, Mama Njeri au Mama Mutua, na mtoto hujua kwamba akimkosea Mama Njeri habari zitatangulia kufika kwao.

Basi weka jiko jipya hapo nje na upe kila mtoto kazi. Mwenye miaka mitano achambue sukuma. Mwenye miaka minane amenye viazi. Mwenye miaka kumi na miwili aunge mchuzi ukimwangalia. Na wote wakutane kwenye chapati, kwa sababu chapati ndiyo sikukuu ya Eastlands.

Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati kati ya 12 na 15. Tia chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, sukari kidogo ukipenda, na mafuta vijiko vikubwa vitatu. Mimina karibu nusu lita ya maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, usiyamwage yote. Kanda dakika kumi nzima mpaka unga uache vidole. Funika, uache upumzike nusu saa, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Kata matonge, sukuma kila moja, paka mafuta, likunje kama mkeka, lizungushe kama konokono, lipumzike tena, kisha lisukume la mwisho. Chapati isiyozungushwa ina ngozi lakini haina kurasa.

Chuma kiwe cha moto lakini makaa yasiwe yanaruka. Geuza mara ya kwanza bila mafuta, kisha paka kila upande. Zikitoka, zifunike kwa kitambaa, maana chapati iliyoachwa wazi hukauka kama ahadi ya mgombea.

Mchuzi haunitaabishi kukueleza: kitunguu, nyama ikauke maji yake yenyewe, nyanya, viazi, dania mwishoni. Kachumbari pembeni.

Na sasa tazama kitakachotokea. Harufu ikipanda, milango itafunguka. Mama wa mlango wa tatu atatoka na bakuli la maharagwe. Mzee atauliza kama mna chumvi, hali anayo. Mtoto usiyemjua atakaa karibu na wako, na usipompa chapati utakuwa umetia aibu. Kwa hivyo ukipanga unga, pangia na majirani: kilo mbili si nyingi. Mkono mtupu haulambwi, na mlango uliofungwa hauletewi bakuli.

ULIZENI WAZEE

Mkiisha kula, kabla ya kuosha vyombo, mpe mwanafunzi wako daftari akaketi karibu na nyanya au babu wa mtaa. Maswali matano yatosha. Ulihamia hapa mwaka gani? Kodi ilikuwa pesa ngapi? Maji mlichota wapi? Siku ya Krismasi mlipika nini? Nani alikuwa jirani yako wa kwanza, na yuko wapi? Andika majibu kama yalivyosemwa. Siku tingatinga litakapofika, daftari hilo ndilo litakalokuwa nyumba.

Sisemi kwamba nyumba hizi zibaki zilivyo. Paa nyingi zinavuja, mifereji imeziba, maji huja kwa zamu, na familia ya watu saba katika chumba kimoja si jambo la kuimbia sifa. Wakazi wana haki ya nyumba bora, na wana haki vile vile ya kuhakikishiwa kwamba wao ndio watakaokaa ndani yake. Ninalosema ni kwamba anayechora nyumba mpya aje kwanza aone jiko liliwekwa wapi, na watoto walichezea wapi. Ghorofa kumi na tano zisizo na ua huzaa watoto wasiojua jina la mama wa mlango wa pili.

Na inawezekana kufanya vizuri. Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1973, ilipangwa kwa nyua, nyumba zikizunguka nafasi ya pamoja; wakazi huziita koti, na mtoto wa pale ukimuuliza anakoishi atakutajia nambari ya koti kabla ya nambari ya nyumba. Dandora, mradi wa viwanja 6,000 ulioanza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nayo ilipangiwa nyua. Nyingi ziligeuka majaa ya takataka, hadi vijana wa mtaa walipoanza kuzisafisha, kupanda miti na kupaka rangi katika miaka ya 2010. Hawakungoja nyumba mpya. Walianza na ua.

Ukiwa wewe ni mpangaji wa ghorofa za Pipeline au Kayole ambako jua halifiki chini, usikate tamaa. Paa la nyumba yenu linaweza kuwa ua. Ongea na mwenye nyumba, ongea na majirani wanne, chagueni Jumamosi moja kwa mwezi, kila mlango ulete kitu chake. Wekeni mtu mzima wa kuwachunga watoto wasikaribie ukingo, na jiko likae mbali na kamba za nguo. Mwezi wa kwanza mtakuwa wanne. Mwezi wa tatu mtatafuta sufuria kubwa, nanyi mnajua sasa inakotengenezwa.

Ukirudi nyumbani jioni ile, jiko likiwa limepoa na kiondo kikinuka omena, watoto watalala bila kuambiwa. Waache. Jumatatu waulize kimoja tu: katika vyote tulivyoona, ni kipi mngependa kiwepo tutakapokuwa wazee? Jibu lao, mpenzi msomaji, litakuambia unachopaswa kulinda.